Shavu la Eelis

Pateniemi, Oulu
Jumapili, 11 Machi 1979

Mpendwa mdogo wangu Impi,

Pokea salamu za kaka yako Vilho, yule mwenye sura nzuri. Hujambo wewe? Shemeji Reino naye hajambo? Goti lake limepona, au bado linamuuma siku za kupasua kuni tu? Na wapwa zangu je? Waambie mjomba wao anawasalimu sana, na kwamba wakisikia huko Kanada mtu anajisifu kwa baridi, wamcheke, kwa sababu baridi yenyewe iko huku kwetu. Hiyo yenu ni makombo tunayowarushia.

Wifi yako Hilja ni mzima. Ameketi hapa mezani anafuma soksi na kuniambia niandike herufi kubwa kubwa ili usome bila kuumia macho. Mimi mwenyewe nina nguvu zangu zote. Nimetimiza miaka sitini na tatu na bado naenda kazini kwa baiskeli kila siku ya Mungu, theluji inyeshe isinyeshe, na hakuna mwanamume kuanzia hapa Pateniemi mpaka daraja la mto anayenipita. Wapo wanaosema wamewahi kunipita. Uliza utasikia, wote ni waongo.

Sasa Impi, kaa chini. Nina habari ya kaka yetu Eelis. Yuko hai, nakuambia hilo kwanza ili usianze kulia kabla hujamaliza ukurasa. Lakini ameugua kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, mkono na mguu, na maneno yamemtoka. Sikukuandikia mapema kwa sababu kwa wiki nyingi sikujua niandike nini. Tulikuwa hatujui kama atakwenda nyumba ya wazee ya manispaa kule Haukipudas, akae na watu asiowajua mpaka mwisho wake, au atakubali kuja kwangu. Na wewe unajua jinsi mimi na yeye tulivyokuwa.

Unajua, maana barua ulizotuandikia ili tupatane zingetosha kuwashia moto majira ya baridi mazima. Tangu ile sauna ya moshi ya baba, kibanda chetu cha kuogea mvuke, iungue, Eelis hakukanyaga kwangu na mimi sikukanyaga kwake. Yeye anasema mimi ndiye niliyeacha makaa yakiwaka kule ndani. Mimi nasema ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeoga mwisho. Yeye anasema mwisho nilioga mimi. Basi ikawa hivyo. Kanisani yeye benchi la kushoto, mimi la kulia. Dukani akiniona kwenye mikate, anakwenda kwenye misumari hata kama hana cha kupigilia.

Lakini kazi ni ile ile moja, kiwanda cha mbao ni kile kile, na njia ya kwenda kiwandani ni moja. Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mimi mbele, yeye nyuma yangu kama nguzo mbili za umeme. Hakuwahi kunipita. Alikuwa anajifanya hataki, lakini ukweli ni kwamba hawezi. Nasikia taa yake ya dinamo inavyolia nyuma, mimi naongeza, yeye anaongeza. Hivyo hivyo mpaka darajani.

Pale darajani upepo unatoka baharini moja kwa moja, na ndipo watu wanapoganda nyuso. Wewe unakumbuka baba alivyokuwa anatupanga mlangoni kabla ya kwenda shule kwa ski, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, anatushika videvu, na anatuagiza tukaguane njiani. Doa jeupe la ngozi iliyoganda hulioni mwenyewe, wala hulisikii, kwa sababu limeshakufa ganzi. Lazima mwenzako akuone akwambie. Basi sote tunaotoka upande huu na baiskeli tunafanya hivyo mpaka leo. Ukishavuka daraja unashusha mguu, unamgeukia aliye nyuma yako, unavuta skafu chini, mnatazamana. Akikwambia pua, unaifunika pua kwa kiganja mpaka irudi. Hakuna anayenyimwa. Hata mtu aliyekuibia mke utamwambia sikio lake ni jeupe, ukishamwambia unaendelea kumchukia.

Na Eelis alikuwa ananiambia. Na mimi namwambia. "Pua." "Kidevu." "Shavu la kulia." Au kama hakuna kitu, "Safi." Hilo tu, halafu tunapanda tena, mimi mbele, yeye nyuma. Miaka yote hiyo, hayo ndiyo mazungumzo yetu. Uso wake niliujua kuliko wangu, Impi, kwa sababu wangu nauona siku ya kunyoa tu, nao huwa unanivutia hata nasahau kuukagua.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa mwezi wa kwanza, wiki ile ya baridi kali. Kipimajoto cha kwetu kilikuwa kimeshuka mpaka Hilja akakigonga kwa kidole akidhani kimeharibika. Theluji ilikuwa inalia chini ya matairi kama nguruwe. Magari ya majirani yalikataa kuwaka, moja moja, wenyewe wamesimama nje wanayatukana. Mimi nikatoka na baiskeli yangu. Baiskeli yangu inalala nje mwaka mzima, haijui ndani kukoje, na mnyororo nimeupaka grisi iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa kipimo ninachokijua mimi tu. Nikawapungia mkono wale wenye magari. Sikuwacheka kwa sauti. Wakati wa vita, baridi kama ile, nilicheka nje na kipande cha masharubu kikakatika, tangu hapo nina adabu.

Eelis alikuwa nyuma kama kawaida, ila mbali zaidi. Niliona taa yake inayumba. Nikasema moyoni, mzee leo amechoka, ama amekunywa, na Eelis hanywi. Nilipovuka daraja nikashusha mguu nikamsubiri. Nilingoja mpaka nikaanza kukasirika. Alipofika hakushuka, alianguka kidogo kwenye ukingo wa theluji, akasimama. Akavuta skafu kwa mkono wa kushoto. Tukatazamana.

Nilitafuta doa jeupe. Hakukuwa na doa. Shavu la kulia, ambalo ndilo lake la kuganda miaka yote, lilikuwa jekundu. Nikamwambia "Safi." Yeye akasema kitu, lakini kilitoka kama mtu mwenye uji mdomoni. Sikushangaa. Kwenye baridi ile midomo yote inakuwa mbao, hata mimi nilivyosema "Safi" nadhani ilitoka "Hafi". Nikadhani amenitukana. Nikapanda nikaenda.

Pale getini kiwandani kuna chumba cha kuotea moto. Wanaume wote wanaokuja kwa baiskeli wanaingia humo kwanza, wanavunja barafu kwenye nyusi, wanakunywa kahawa, halafu kila mtu anakwenda kazini kwake. Asubuhi ile chumba kilikuwa kimejaa walemavu watupu. Huyu hawezi kufungua kifungo, yule kahawa inamtiririka kidevuni, mwingine anaomba sukari na hakuna anayeelewa anaomba nini. Ndivyo tulivyo siku kama hizo, na tunachekana.

Eelis akaingia anavuta mguu. Akaangusha glavu, akainama kuiokota, akaikosa. Kahawa ikamwagika kifuani. Wakamcheka kama walivyomcheka kila mtu. Bwana Pesonen, msimamizi wetu, akamwambia akae karibu na jiko ayeyuke taratibu kama siagi.

Akakaa. Akaweka kiganja cha kushoto kwenye shavu la kulia, akalibana, vile tunavyofanya mtu akiwa na doa. Akatulia hivyo, anangoja lirudi.

Impi, mimi nilikuwa nimeketi ng'ambo ya meza, na nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni kama kawaida yetu. Nikanywa kikombe cha kwanza, midomo yangu ikaanza kuchoma. Nikanywa cha pili, ikarudi, nikaanza kuwasimulia wenzangu jinsi nilivyomkimbiza mbweha kwa baiskeli toka Koskela. Kila mtu mdomo wake ulikuwa umesharudi, wote wanapiga kelele. Na yeye bado amelishika shavu. Maji yanamdondoka kwenye nyusi, jasho linamtoka, uso mzima mwekundu kwa joto la jiko, na bado amelishika tu, kwa subira, kama mtoto aliyeambiwa ashike hapo mpaka atakapoambiwa aache.

Hapo hadithi ya mbweha ikanikatika katikati. Haijawahi kunitokea.

King'ora kikalia. Watu wakaanza kutoka. Na Eelis akasimama naye, anavuta ule mguu, anakwenda kwenye mlango wa ngazi za juu. Unajua kazi yake? Anasimama kwenye ubao mwembamba juu ya bwawa la maji moto, lile la kuyeyushia barafu kwenye magogo, ana upondo mkononi, anayasukuma magogo yapande kwenye mnyororo. Mvuke umejaa huwezi kuona miguu yako. Mtu akianguka humo, hakuna haja ya kuita daktari.

Nikaenda nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Eelis, toa mkono usoni."

Wenzetu wote wakageuka, maana wanajua hatusemeshani. Yeye akanitazama kama ukuta umemsemesha. Nikamwambia tena, na nikamshusha ule mkono mimi mwenyewe. Nusu ya uso wake ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa inaning'inia, jicho limelegea, mdomo umeshuka, na ngozi ni ya moto kabisa kwenye vidole vyangu.

Nikasema, "Hii si baridi."

Pesonen akasema, "Mwache bwana, mzee ameganda tu. Akifika juu kwenye mvuke atarudi."

"Mimi uso huu naukagua kila asubuhi," nikamwambia. "Wewe unaukagua lini? Siku ya mshahara?"

Wakacheka wawili watatu, lakini wakaacha. Eelis alitaka kunipita. Akanisukuma kifuani kwa mkono wa kushoto, na mkono ule ulikuwa na nguvu, nakwambia kweli, nilirudi nyuma hatua. Nikaushika mlango. Akanisukuma tena. Alikuwa anataka kwenda kazini, Impi. Alikuwa anadhani mimi namfanyia ugomvi ule ule wa zamani, na neno letu lilikuwa moja tu, "Safi", na lilikuwa halitoshi. Nikamkumbatia nikamkalisha chini kwa nguvu. Sote wawili tulianguka. Wenzetu walifikiri tunapigana. Hata yeye alifikiri hivyo, mpaka alipojaribu kuinuka na upande ule ukakataa. Ndipo nikaona macho yake yameelewa.

Nitamsifu Pesonen kwa hili, hakungoja tena. Alikimbia mwenyewe kwenda kupiga simu, bila kofia.

Hospitali daktari alisema mshipa wa damu umeziba kichwani. Akasema ataishi, mengine yatajulikana polepole. Akaniuliza dalili zilianza saa ngapi, nikamwambia darajani. Na pale darajani mimi nilimwambia neno lile, safi. Daktari akasema kwa baridi ile hata yeye asingejua. Hilja ananiambia hivyo hivyo kila jioni. Mimi nimelala nalo na nimeamka nalo, na sasa nimelinyamazia, na wewe usinijibu juu yake.

Basi kuanzia hapo njia yangu ikawa ndefu. Asubuhi kazini, mchana nikitoka napita hospitali, halafu ndiyo nyumbani. Theluji ilinyesha sana mwezi wa pili, trekta la kukwangua lilikuwa halifiki njia za baiskeli kwa wakati, mara nyingi nilikuwa nasukuma badala ya kupanda. Wenzangu kazini walikuwa wanasema Vilho sasa anaendesha kilomita nyingi kuliko posta. Nikawaambia posta wanaendesha kwa mshahara, mimi kwa uzuri.

Lakini ndani ya chumba kile uzuri wangu haukusaidia kitu. Nikiingia, Eelis anageuzia uso ukutani. Namwekea supu ya samaki ya Hilja kwenye mkebe, hali mpaka niondoke. Namweleza habari za kiwandani, ni ukuta tu unaonisikiliza. Manesi walikuwa hawana hakika kama anaelewa anachoambiwa. Mmoja, Marketta, msichana mzuri, aliniambia kwa upole kwamba huenda kichwa chake hakijui tena nani ni nani, nisijiumize.

Siku moja nikaingia nimetoka moja kwa moja kwenye upepo, sijavua hata kofia. Eelis akageuka kama anavyogeuka, lakini safari hii jicho lake lilinigusa kidogo, likasimama. Akatazama. Halafu akainua mkono wa kushoto taratibu, akaweka kidole kwenye pua yake mwenyewe.

Marketta akasema maskini, anacheza. Mimi nikafunika pua yangu kwa kiganja, nikakaa kitandani miguuni pake, nikaanza kuhisi inavyochoma inaporudi. Nikamwambia yule dada, huyu mtu kichwa chake kizima kabisa. Ananijua vizuri, ndiyo maana ananigeuzia mgongo.

Tangu siku ile alikuwa ananikagua kila nikiingia. Ananitazama, ananionyesha pa kushika kama papo, halafu anarudi ukutani. Nami nikawa namwuliza kila siku neno lile lile, kama atakuja kukaa kwetu. Chumba kile cha karibu na jikoni tumekisafisha, Hilja ameshona pazia, mimi nimefunga ubao ukutani wa kushikia. Kila nikiuliza, ukuta. Kutikisa kichwa anaweza, kukubali na kukataa. Lakini hatikisi. Anageuka tu.

Mwishoni daktari akaniita akasema hawawezi kumweka zaidi ya Ijumaa. Gari la manispaa litakuja asubuhi kumpeleka nyumba ya wazee, kitanda kipo. Kama mgonjwa mwenyewe akikubali kuja kwangu, vizuri zaidi. Lakini akubali mwenyewe, hatasukumwa kama gunia. Nikamwambia daktari nimeshamsukuma mara moja, inatosha.

Usiku wa Alhamisi Hilja aliniambia nisiende na maneno mengi. Akasema, "Wewe ukiogopa unapayuka." Nimeishi na mwanamke huyu miaka karibu arobaini na nilikuwa sijui kwamba anajua.

Ijumaa ile sikwenda kwa baiskeli. Pesonen alikuja na gari lake, amelichomeka umeme usiku kucha injini isigande, liwake. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza, nilimwambia tu kwamba anaendesha kama ameazima miguu. Tulipofika, gari la manispaa lilikuwa limeshasimama mlangoni, injini inanguruma. Pesonen akabaki chini. Nikapanda peke yangu.

Eelis alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Wameshamvalisha suruali na sweta, nywele zimechanwa upande usio wake. Nikazirudisha. Hakuzuia. Buti zake nilikuwa nimezileta kutoka nyumbani kwake, zile za sufi nzito, nikaziweka chini mbele yake.

Basi nikasahau alichoniambia Hilja. Nikaanza kupayuka. Nikamwambia nimefanya uchunguzi wa ile sauna na nimempata mhalifu, alikuwa kindi. Kindi alichukua kaa la moto akidhani ni mbegu, akakimbia nalo darini. Nikamwambia nina mashahidi, kindi wengine wawili. Mdomo wake ukapanda upande mmoja. Jicho likajaa maji, lakini tangu augue jicho lile linajaa maji lenyewe, kwa hiyo sitakudanganya juu ya hilo.

Halafu nikamwuliza. "Eelis, unakuja kwetu, au unakwenda na lile gari?"

Akatazama dirishani. Nikangoja. Chini nasikia injini ile, na mlango wa gari unafunguliwa na kufungwa. Marketta akaja mlangoni akanitazama, akarudi. Nilitafuta la kusema, na Impi, weka alama kwenye kalenda yako, sikulipata. Nilikaa kwenye kiti mbele yake, mikono magotini, kimya, kama watu wengine wanavyokaa.

Akageuka kutoka dirishani. Hakunitazama mimi, alitazama buti. Akapitisha mkono wa kushoto chini ya goti lile lililokufa, akalinyanyua kwa shida, meno ameyauma, akauleta ule mguu juu, akauweka mapajani mwangu.

Mzito, Impi. Sikujua mguu wa mtu ni mzito namna ile. Nikauvalisha soksi, nikauvalisha buti, nikafunga kamba. Mafundo mawili, kama mama alivyokuwa anatufungia. Nilichelewa sana kwenye lile fundo la pili, kwa sababu sikuwa naona vizuri. Na jicho langu halina ugonjwa.

Sasa yuko hapa, chumba cha karibu na jikoni. Anakula mkate mweusi ukilowekwa kwenye supu. Jana alisimama akishika ubao mpaka Hilja akamaliza kuosha vyombo. Maneno hayajarudi, na daktari hasemi yatarudi. Tunakaa mezani jioni, mimi nasema ya watu wawili, kazi ambayo nimekuwa nikijiandaa nayo maisha yangu yote. Nikidanganya sana anagonga meza kwa kijiko.

Kama Mungu akijalia nauli, njoo wakati wa kiangazi. Hatasema nawe, lakini atakutazama, na utaona. Ukishindwa, mwandikie, mimi nitamsomea, nami naahidi sitaongeza yangu. Sana sana kidogo.

Msalimie Reino, na mwambie kuni hazijipasui. Wasalimie Ritva na Tauno na wadogo zao, waambie wamwombee mjomba wao Eelis kwa jina. Usimsahau mama mkwe wako na kikohozi chake, na majirani wote wa kwetu walioko huko Thunder Bay. Hilja anawasalimu, na soksi moja ni ya Reino. Ya pili itafuata akipona goti.

Mungu awafunike huko mliko, awape kuni za kutosha na watu wa kuwatazama usoni.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Vilho

Hilja anasema niandike pia jina la Eelis hapa chini, kwa sababu barua ni ya nyumba nzima. Nimempa kalamu aandike mwenyewe kwa kushoto. Ametumia muda mrefu kuliko mimi nilivyotumia barua yote. Hiyo mistari ndiyo yeye.